Funguo za Kompyuta Yako Ziko kwa Nani?

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na wanachama watatu wanaokaa nyumba mbalimbali, na sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne. Asipofika mmoja wao, hakuna fedha inayotoka. Utaratibu huu hatukuubuni sisi. Vikundi vingi vya aina yetu Afrika Mashariki vinaufuata, na hata mtoto akielezwa mara moja anauelewa: fedha ni za wanachama, basi na funguo zishikwe na wanachama.

Jumamosi ya mgao wa mwisho wa mzunguko, wanachama tulishakaa, sanduku limefunguliwa, kilichobaki ni katibu kusoma hesabu. Akawasha kompyuta yake mpakato. Usiku ilikuwa imejisasisha yenyewe. Programu ya hesabu tuliyoizoea ikamtaka aingie kwenye akaunti kabla ya kumwonyesha chochote. Aliandika nywila, ikamjibu kwamba imetuma tarakimu za uthibitisho kwenye simu. Namba iliyotumiwa ilikuwa ya katibu aliyemtangulia, ambaye alihama mkoa na laini ile akaiacha kitambo. Faili la hesabu tuliamini limo ndani ya kompyuta ile. Kumbe kilichokuwamo ni jina lake tu, faili lenyewe lilikuwa limehamishiwa kwenye mitambo ya kampuni iliyotengeneza programu, na bila akaunti hatukuwa na njia ya kulifikia.

Tulikaa saa tatu. Mama mmoja mtu mzima, mtunza ufunguo wa pili, akamuuliza katibu kwa upole: "Mwanangu, hela zetu hizi hapa na ufunguo ninao. Hesabu zetu, funguo zake ziko kwa nani?"

Hakuna aliyemjibu. Mgao tuliufanya wiki mbili baadaye, baada ya mweka hazina kukusanya vijitabu vya hisa vya kila mwanachama na kuandika hesabu upya kwa mkono. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, ila tulilikabidhi kwa mtu tusiyemjua bila hata kutambua kwamba tumelikabidhi.

Makala hii ni jibu langu kwa mama yule. Ninaiandika kwa ajili ya makatibu wa vikundi, walimu wanaotunza alama za wanafunzi, wenye maduka ya steshenari, na kila anayeitegemea kompyuta au simu bila kuwa fundi. Ushauri wote uliomo unafanyika nyumbani, bila gharama kubwa.

Tumefikaje hapa

Zamani ukinunua programu ulipewa diski. Ukishaisakinisha, ilikuwa yako mpaka kompyuta ife. Mei 2013 kampuni ya Adobe, ambayo programu zake za picha zinatumiwa na studio na wachapaji wengi, ilitangaza kwamba matoleo mapya yatapatikana kwa malipo ya kila mwezi au mwaka tu. Kampuni nyingi zimefuata njia hiyo. Mnunuzi amegeuzwa mpangaji: akichelewesha kodi, mlango unafungwa, hata kama vyombo vilivyomo ndani ni vyake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Julai 2009. Amazon iliingia kwa mbali katika vifaa vya Kindle na kufuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell ambazo wasomaji walikuwa wamekwisha kuzilipia. Kimoja kilikuwa 1984, na kingine Animal Farm, ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kama Shamba la Wanyama kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Aliyeviuza kupitia Amazon hakuwa na haki navyo. Wasomaji walirudishiwa fedha, na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, akaomba radhi hadharani. Hata hivyo, jambo lilikwisha kuonekana. Muuza vitabu wa mtaani akigundua kwamba amekuuzia kitabu kisichopaswa kuuzwa, hana uwezo wa kuingia chumbani kwako usiku akakitoa rafuni. Muuzaji wa kitabu cha kwenye mtandao uwezo huo anao.

Pamoja na kupoteza mamlaka, tumeongezewa mzigo. Mwaka 1995 Niklaus Wirth, mwanasayansi wa Uswisi aliyebuni lugha ya programu iitwayo Pascal, alionya kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa kasi kuliko mitambo inavyozidi kuwa na nguvu. Miaka 30 imepita, na anayeandika barua ya ukurasa mmoja kwenye kompyuta mpya bado anasubiri programu ifunguke. Wingi wa vitu vilivyoongezwa humo haukuombwa na mwandishi wa barua. Vipo ili toleo jipya lionekane jipya, matangazo yapate pa kukaa, na taarifa za mtumiaji zikusanywe.

Sisemi teknolojia irudi nyuma. Ninachosema ni kwamba kila chombo unachokitegemea kwa kazi yako ukiulize swali la mama yule, na jibu ulipate kabla ya siku ya mgao.

Zima data, kisha fungua faili

Kipimo cha kwanza ni rahisi na hakihitaji elimu yoyote. Chagua faili moja unalolihitaji kuliko yote. Zima data na waifai kabisa. Zima kompyuta, iwashe tena, kisha jaribu kulifungua. Likifunguka na ukaweza kuliandika na kulihifadhi, faili ni lako. Likikutaka uingie kwenye akaunti, likisema halipo, au likifunguka kwa kusoma tu, ujue ufunguo uko kwa mtu mwingine.

Kwenye kompyuta nyingi za Windows za siku hizi, mafaili ya kwenye eneo-kazi na ya kwenye folda ya nyaraka huhamia OneDrive, ambayo ni hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni, bila mwenyewe kutambua. Angalia alama iliyo kando ya jina la faili. Ukiona kiwingu kitupu, faili halimo ndani ya kompyuta yako. Alama ya tiki ya kijani inaonyesha kwamba nakala imo. Bonyeza jina la folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague ibaki kwenye kifaa wakati wote. Bora zaidi, tengeneza folda yako mwenyewe nje ya zile zinazohamishwa, uipe jina linaloeleweka, na kazi zako muhimu uziweke humo.

Ndani ya folda hiyo, tazama pia aina ya mafaili. Faili linalofunguliwa na programu moja tu duniani limefungwa kwenye hatima ya programu hiyo. Kila mwezi hifadhi nakala katika aina ambazo programu nyingi zinazisoma. Hesabu zihifadhi kama CSV, ambayo ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato na yanafunguka hata kwenye programu ndogo kabisa ya kuandikia. Nyaraka zilizokamilika zigeuze ziwe PDF, aina iliyofanywa kiwango cha kimataifa mwaka 2008. Nyaraka unazoendelea kuzihariri zinaweza kukaa katika ODF, nayo ni kiwango cha kimataifa tangu 2006. Kiwango cha namna hiyo kimeandikwa hadharani, hivyo kampuni moja ikifa, nyingine inaweza kutengeneza chombo cha kukisoma.

Na hesabu za watu zichapwe. Karatasi mbili za mwisho wa mwezi zilizopigwa mhuri na kusainiwa hazihitaji nywila.

Nakala tatu, kama kufuli tatu

Wanaotunza kumbukumbu kwa kazi wana kanuni moja inayokumbukika haraka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Ya kwanza iko kwenye kompyuta yako. Ya pili iweke kwenye flashi au diski ya nje. Ya tatu ilale kwingine, iwe kwa ndugu, ofisini, au mtandaoni.

Utaona kwamba sikatazi hifadhi ya mtandaoni. Wezi wakiingia, au moto ukizuka, nakala iliyo mbali ndiyo itakayokuokoa. Kosa ni kuifanya ya mtandaoni kuwa nakala pekee. Nguo ya kuazima haistiri maungo, na hifadhi ya bure ina masharti ya mwenye nayo, ambayo hubadilika. Google ilikuwa ikihifadhi picha bila kikomo bila malipo, lakini tangu Juni 1, 2021 picha mpya zinahesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure ambazo zinagawanywa na barua pepe na mafaili mengine. Tangu Desemba 2023 kampuni hiyo hiyo inaruhusiwa na kanuni zake kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili. Mtu aliyepumzisha akaunti yenye picha za marehemu wazazi wake yafaa aifungue leo, aingie, na azipakue.

Panga siku. Kikundi chetu tumechagua siku ya mkutano: katibu akimaliza kuandika, ananakili kwenye flashi mbele ya wanachama, kisha flashi inaingia ndani ya sanduku. Mara moja kila baada ya miezi mitatu tunaifungua flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine, maana nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Akaunti ya kazi isiwe ya mtu

Kilichotukwamisha siku ile zaidi ya yote kilikuwa namba ya simu. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kupewa mtu mwingine, ambaye naye ataanza kupokea tarakimu za uthibitisho zilizokusudiwa kwako. Kwa hiyo chukua karatasi leo uandike kila akaunti unayoitegemea: barua pepe, hifadhi ya mafaili, kurasa za biashara, huduma za serikali. Mbele ya kila moja andika namba ya simu na barua pepe ya uokoaji zilizosajiliwa. Ukikuta namba uliyoiacha, ibadilishe wakati bado unaweza kuingia. Ukishafungiwa nje, kazi hiyo ya dakika tano inaweza kuchukua wiki nzima, na pengine isiwezekane.

Ukishamaliza hapo, tafuta tarakimu za akiba. Google, kwa mfano, humpa mtumiaji wa uthibitisho wa hatua mbili orodha ya tarakimu za akiba 10, kila moja ya kutumika mara moja, kwa ajili ya siku ambayo simu haipo. Zichape au ziandike kwa mkono, uziweke mahali unapoweka hati ya kiwanja. Sisi zimo ndani ya sanduku.

Kwa kikundi, shule au duka, fungua akaunti kwa jina la taasisi. Akaunti ya msichana wa steshenari inayotunza kazi za wateja itaondoka naye siku akiolewa na kuhama, naye hatakuwa na kosa lolote. Makabidhiano ya uongozi yawe na kipengele cha kubadilisha nywila na namba, kama yanavyokuwa na kipengele cha kukabidhi mhuri.

Tochi isiyouliza unakokwenda

Wengi wetu tunaikumbuka Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Ilikuwa na tochi. Ulibonyeza, ikawaka, ukaiona njia ya chooni. Miaka kumi baadaye, Desemba 2013, Tume ya Biashara ya Marekani iitwayo FTC ilitangaza shauri dhidi ya mtengenezaji wa Brightest Flashlight, programu ya tochi ya simu za Android iliyokuwa imepakuliwa na mamilioni ya watu. Ilibainika kwamba programu hiyo ilikuwa ikituma mahali alipo mtumiaji kwa watangazaji. Mwanga ni ule ule, ila tochi ya pili ilikuwa pia inataarifu watu wengine mahali ulipo.

Kabla ya kupakua programu yoyote, itazame kwa tochi hizo mbili. Jiulize kazi yake ni ipi, na je, vibali inavyoomba vinalingana na kazi hiyo? Programu ya ramani ikiomba kujua ulipo, inaeleweka. Kikokotoo kikiomba orodha ya marafiki zako, kikatae. Kwenye simu za Android, fungua mipangilio, ingia kwenye programu, gusa moja moja uone vibali vyake, na uondoe visivyohusika. Programu ambayo hujaitumia kwa miezi mitatu, iondoe. Simu itakuwa nyepesi, bando litadumu, na milango ya kuchungulia maisha yako itapungua.

Pia usidharau njia rahisi kwa sababu ni ya zamani. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, ikaenea vijijini kwa sababu ilifanya kazi kwenye kitochi. Mpaka leo menyu ya nyota na reli inafunguka bila bando na bila programu ya kusasisha. Ikiwa kazi yako inatimia kwa menyu hiyo, hakuna sababu ya kuona haya kuitumia.

Masasisho yaje saa uliyochagua wewe

Wapo wanaochoka na masasisho mpaka wanayazima moja kwa moja. Hapo nitawapinga. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwamo za hospitali za Uingereza, na kikadai fidia. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya udhaifu huo miezi miwili kabla, Machi. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakuwa wameipakia. Masasisho ya usalama ni chanjo, uyapokee.

Unachoweza kukishika ni saa. Katika mipangilio ya Windows, eleza saa zako za kazi ili kompyuta isijiwashe upya katikati yake. Katika sehemu ya mtandao, iambie kwamba mtandao unaotumia unapimwa kwa data, nayo itapunguza kupakua mambo makubwa kwa bando lako. Ukiwa na kazi nzito, unaweza kuyasimamisha masasisho kwa wiki, kisha uyaruhusu. Kwenye simu, weka programu zijisasishe kwa waifai tu, na WhatsApp uizuie isipakue video bila wewe kuiagiza. Jambo la muhimu kuliko yote: usisasishe chochote usiku wa kuamkia mtihani, kikao au mgao. Nakili kwanza, sasisha baadaye.

Kompyuta ya zamani bado ina kazi

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, iliyotoka mwaka 2015. Windows 11 ina masharti ya mtambo. Kwa kompyuta zenye kichakataji cha Intel, orodha rasmi kwa sehemu kubwa huanzia kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Kwetu, ambako kompyuta nyingi za shule na ofisi ndogo huja zikiwa zimekwisha kutumika ughaibuni, mashine nyingi nzima zimeambiwa kwamba muda wao umekwisha.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kuiuza mashine hiyo kwa bei ya chuma chakavu, mwombe fundi akuwekee kwenye flashi Linux Mint, ambayo ni mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows. Inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta, ukajaribu siku mbili tatu kama printa, sauti na mtandao vinafanya kazi. Mashine yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu inaimudu. Haidai malipo wala akaunti. Ndani yake utakuta LibreOffice, inayofungua na kuandika nyaraka na hesabu za kawaida, na ambayo unaweza pia kuipakia kwenye Windows bila malipo.

Njia hii ya programu huria si ngeni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Waliweza kuitafsiri kwa sababu leseni ya programu ile inamruhusu yeyote kuifungua na kuibadilisha. Katika programu iliyofungwa, Kiswahili husubiri mpaka kampuni ione faida.

Nikiri pia mipaka yake. Kama kazi yako inadai programu maalumu isiyofanya kazi kwenye Linux, kwa mfano ya uhasibu mliyopewa na mwajiri, usihame kwa pupa. Iache kompyuta moja kwa kazi hiyo, na nyingine uzifungue.

Kazi ya leo jioni

Katibu wetu bado anatumia kompyuta, na hesabu za mzunguko huu ni safi kuliko za nyuma. Faili liko kwenye folda tuliyoitengeneza wenyewe, flashi na tarakimu za akiba zimo sandukuni, na karatasi ya mwisho wa mwezi ina saini tatu. Mama aliyeuliza swali lile hajawahi kushika kipanya. Ila kila mkutano anasubiri aione flashi ikiingia ndani, ndipo anafunga kufuli yake.

Nakusihi, msomaji, usisubiri siku yako ya mgao. Leo jioni zima data, fungua faili moja unalolihitaji kuliko yote. Likifunguka, linakili kwenye flashi kabla hujalala. Likikataa, kesho anza na hilo kabla ya kazi nyingine yoyote.